Biro nzima ilipanga foleni kumpa mwizi password: kisa chetu cha Kolwezi

Wakuu, habari zenu. Habari za nyumbani, habari za watoto, za wazee, za kazi, za afya. Mvua imenyesha huko kwenu? Mmeamka salama?

Nawasalimu kirefu makusudi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mi ni mdada wa Kolwezi, huku Lualaba kwenye shaba na kobalti. Kiswahili changu ni cha huku, nitajitahidi kukinyoosha, pakikunjika mnivumilie. Ninayosimulia ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana hawa watu bado nakula nao sahani moja.

Haya.

Sisi ni ukoo uliotoka Maniema enzi za babu. Waislamu, kazi yetu biashara na usafiri. Baba Mukubwa, yaani kaka wa marehemu baba yangu, ana biro, yaani ofisi, ya usafiri na lori moja.

Moja tu. Hilo ndilo linatulisha sote. Likikohoa njiani, nyumba nzima hailali.

Dereva ni Sefu, mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi kazi yangu ni computer pale biro: kupokea oda za wateja, kuandikia watu wa forodha, kutafuta mizigo. Tuna akaunti moja ya mtandaoni, ina email na chat humo humo, na Baba Mukubwa ndiye mwenyewe. Maagizo yote ya Sefu akiwa safarini yanapita humo.

Sasa kabla sijaingia kwenye kisa, lazima mjue mambo mawili kuhusu huyu mzee. Bila hayo mtadhani natunga.

La kwanza, mzee anaamini mikono. Kwake kuna watu wa mkono mwepesi, wa bahati, na watu wa mkono mzito. Lori haliondoki hata siku moja mpaka mtu wa mkono mwepesi ashike usukani kwanza. Duka halifunguliwi mpaka mkono mwepesi uguse kufuli. Mkewe, Mama Aziza, anayeuza vitenge mlango wa pili, ndiye bingwa, watu wanatoka mtaa wa tatu kuja kumwomba awafungulie biashara.

Na mimi? Mimi nina mkono mzito. Nilipewa cheo hicho nikiwa mdogo kwa sababu ya sufuria moja ya maharage yaliyokataa kuiva, na hakuna rufaa. Mtu wa computer wa biro haruhusiwi kugusa kufuli ya biro. Chekeni tu.

La pili, salamu. Baba Mukubwa hawezi kukuagiza hata chumvi bila kukusalimia kwanza. Na si "mambo vipi" zenu hizi. Anaanza na wewe, anakwenda kwa mkeo, watoto mmoja mmoja kwa majina, wakwe, jirani yule aliyevunjika mguu, halafu tairi la nyuma la kushoto. Ndipo anasema alichotaka. Kwenye chat vilevile. Ujumbe wa "pitia mafuta kwa fulani" unakuja na urefu wa hotuba ya harusi.

Nilikuwa namwambia, Baba Mukubwa, mega za intaneti zinaisha. Ananijibu, "Mega ni bintu ya kununua. Heshima haiuzwe."

Sawa.

Shida ilianza na mtu mmoja tunamwita Anjenyeri, yaani injinia. Cheo amejipa mwenyewe. Kazi yake ni kuzunguka na flash shingoni, anatoka cité, yaani mtaa, ya Musonoi kule karibu na mashimo ya madini, anapita biro kwa biro anaweka "programu". Huku intaneti ni ghali na nzito, kwa hiyo mtu akisema ana kitu kinachokula mega kidogo, watu wanamfungulia mlango kama daktari.

Akaja siku sipo. Akamwambia mzee, "Tata, hii browser yenu ni ya zamani, iko inakula mega kama mbuzi. Mi niko na ingine, mbio sana, bure."

Bure! Hilo neno, wakuu. Mzee wangu anayebishana bei ya karoti mpaka muuzaji anatokwa jasho, akisikia bure akili inatoka nje inasubiri barabarani.

Ikawekwa. Anjenyeri akanywa soda yetu baridi, akaaga.

Niliporudi nikaona ikoni ngeni, na ukurasa wa mwanzo umebadilika, una matangazo ya kamari na ya dawa za kurefusha sijui nini. Nikamwambia mzee, hii kitu tuitoe. Akaniuliza kama na mimi ni anjenyeri. Nikarudi kwenye kazi zangu. Nikaendelea kutumia simu yangu kwa mambo ya biro, hiyo "mbio sana" nikamwachia mwenyewe.

Wiki ile Sefu alikuwa Dilolo, mpakani na Angola. Amekwenda kuchukua pampu zilizokuja kwa reli, pampu kubwa za kuvuta maji kwenye mashimo ya mgodi unaoitwa Mashamba. Mteja alituambia wazi: hizi zikipotea msahau kazi, na dereva ndiye wa kwanza kulala ndani. Na huku wakisema ndani, ni ndani kweli, kesi inakuja baadaye kama watu wakikukumbuka.

Akiwa huko huko Dilolo, mkewe akajifungua hapa Kolwezi. Mtoto wa kwanza, msichana. Alhamdulillah, nyumba ikawa shangwe.

Kwetu, jina la mtoto linatoka kwa mkubwa wa ukoo. Baba yetu hayupo, kwa hiyo ni Baba Mukubwa. Sefu akaandika kwenye ile akaunti: "Baba Mukubwa, mutoto ni mwanamuke. Naomba jina."

Maneno machache, lakini mi namjua mdogo wangu. Aliyaandika na kuyafuta mara kumi kabla ya kuyatuma.

Asubuhi yake mzee akavaa kanzu safi, akaja biro kujibu. Alikataa kupiga simu. Simu za Dilolo zinakatika katika, na yeye alitaka jina liandikwe, libaki. Mimi sikuwepo, nilikuwa msibani Musonoi tangu alfajiri.

Nimerudi na taxi-moto, bodaboda zenu hizo, vumbi mpaka kwenye meno, nakuta watu wamejaa mlangoni kwetu. Nikajua kuna aliyekufa tena.

Hakuna aliyekufa. Ilikuwa foleni.

Foleni ya nini? Subirini mnivumilie kidogo, maana hata mi nikisimulia naona aibu.

Mzee alifungua ile browser, akaandika anwani ya akaunti yetu kama kawaida. Ukaja ukurasa wa login. Akaweka password. Ukamwambia password si sahihi. Akaweka tena. Si sahihi. Hapo mtu mwenye akili angesimama ajiulize, lakini mzee wangu akatazama kiganja chake akasema, "Leo mukono yangu iko nzito. Muniitie Mama Aziza."

Mama Aziza akaacha vitenge, akaja. Akaweka password ya mzee kwa mkono wake mwepesi. Wapi. Akasema labda jina la mzee ndilo zito leo, ngoja ajaribu lake. Akaweka email yake na password yake. Ikakataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikazunguka zunguka, halafu ikaingia kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yenyewe, ile ya kweli.

Vigelegele!

Wakaona mkono umefungua. Si akaunti iliyofunguka, ni ukurasa wa mbele tu ambao hata kuku akikanyaga keyboard unakuja, lakini nani aliuliza? Habari ikatoka nje kwamba computer ya biro leo inachagua mikono. Fundi wa tairi akaja kujaribu. Mama wa mikate akaja. Mchimbaji mmoja kijana aliyekuja kuuliza lifti, na yeye akavua kofia akaweka ya kwake. Kila mtu email yake, password yake, kwa zamu, kwa adabu, huku wenzake wanampigia makofi.

Wakuu, nimesoma visa vingi humu vya watu kutapeliwa. Kuna anayedanganywa mapenzi, kuna anayeahidiwa kazi Kanada. Lakini watu kupanga mstari mchana kweupe wampe mwizi funguo zao, na kushangilia? Hiyo ni ya kwetu. Tuachieni.

Nikasukuma watu nikakaa. Mzee akapiga kelele, "Weye usiguse! Mukono yako itafunga yote!"

Nikatazama anwani pale juu. Mwanzo wake kama jina la tovuti yetu, halafu ikafuata mkia wa herufi na namba zisizoeleweka.

Nikafanya jaribio. Pale pa jina nikaandika: mwizi wee. Pa password nikaandika: kula jeuri yako.

Ikasema si sahihi. Nikaandika matusi mengine, hayo siwaandikii hapa. Ikazunguka zunguka, ikanipeleka ukurasa wa mbele, kwa upole kabisa, kama ilivyomfanyia Mama Aziza.

Nikawageukia. "Munaona? Hata matusi inapokea. Hii haiko login. Hii ni kapu ya mwizi, bao banakusanya tu."

Yule mchimbaji akavaa kofia yake.

Nikatoa simu yangu, nikaandika anwani ile ile kwa mkono. Ukurasa wa kweli ukaja, na anwani yake safi. Kwa hiyo si mtandao, si tovuti, ni ile takataka ya bure ya Anjenyeri. Kila ukiandika anwani yenye login, inakugeuza njiani inakupeleka kwenye ukurasa wa wezi. Nikaweka password ya mzee pale kwenye ukurasa wa kweli.

Ikajibu kwamba password ilibadilishwa muda mfupi uliopita.

Mzee alikuwa bado na simu yake ndogo, ya kusomea tu maana herufi zake vidole vyake haviziwezi, iliyofunguliwa ile akaunti tangu zamani, na haikuwa imetolewa bado. Akaitoa kwenye mfuko wa kanzu. Tukaiinamia wote watatu, mimi, yeye na Mama Aziza.

Chini ya ujumbe wa Sefu, chini ya "naomba jina", palikuwa na jibu, kutoka kwa Baba Mukubwa.

"Sefu badilisha safari. Shusha pampu zote Kasaji nyuma ya stesheni, gari lingine litazichukua. Usipige simu niko kwa mkutano."

Na pembeni, alama kwamba umesomwa.

Halafu simu ikatutoa nje. Skrini ikaomba password upya.

Mzee akasema polepole, "Mi sijaandika hii." Akarudia. Sauti yake sijawahi kuisikia vile, ilikuwa ya mtoto. Nikasahau hasira zote nilizokuwa nazo juu yake.

Tukampigia Sefu. Simu imezimwa.

Tukapiga tena. Imezimwa. Mama Aziza akapiga kwa mkono wake mwepesi. Imezimwa.

Tukampigia mtu wetu wa forodha kule Dilolo. Akasema lori halipo pale lilipokuwa limeegeshwa, limeondoka asubuhi na mzigo wake.

Kasaji ni njiani kuja huku. Tuna ndugu pale, anauza vipuri vya baiskeli. Nikampigia, aende nyuma ya stesheni atazame. Akarudi hewani anahema: kuna lori tupu limesimama, na wanaume wamekaa kwenye tela wanasubiri kitu.

Mke wa Sefu alikuwa nyumba ya nyuma na mtoto asiye na jina. Hatukumwambia. Mama Aziza alikuwa anampelekea uji huku anatabasamu, akirudi biro anakaa chini analia. Mzee alitandika mkeka akaswali, akamaliza, akabaki pale pale. Mimi nilikuwa nampigia Sefu, nakata, napiga. Nilikuwa naona mdogo wangu yuko ndani, naona pampu zinashushwa, naona lori linauzwa kulipia. Niliogopa sana wakuu, sifichi.

Baada ya alasiri simu yangu ikalia. Namba ngeni.

"Yaya," huku ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ni mi Sefu."

Nikapiga kelele. "Uko wapi?! Umeshusha wapi?!"

"Kushusha nini? Mi niko Dilolo. Nimepeleka gari kwa kiwanja ya musikiti, nimekaa."

"Umekaa?"

"Nimekaa. Ambia Baba Mukubwa mi siendi fasi yoyote. Nilimuomba jina ya mutoto, yee ananijibu nishushe mizigo. Hata jambo hakuna. Hata kuuliza mama ya mutoto hakuna. Mi siko mbwa, yaya. Kama amenikasirikia aseme. Telefone nimeifunga. Mpaka anisalimie, hii gari haitatoka."

Nilicheka na kulia pamoja, mtu akiniona angeniita mchawi.

Mjinga mmoja, mahali fulani, alikuwa na akaunti yetu nzima mkononi. Alisoma mizigo, alisoma njia, alijua Kasaji, alijua stesheni. Swali la Sefu lilikuwa mbele ya macho yake, mstari wa mwisho kabisa. Akaliruka. Akaona ni porojo za familia. Angeandika tu "hongera baba, mama na mtoto wazima?", wallahi mdogo wangu angeshusha hata matairi.

Nikampa mzee simu.

Hakusema wizi. Hakusema browser, wala Kasaji, wala pampu. Nilimwonyesha kwa mkono, mwambie kwanza asiende kule! Akanifukuza kama nzi.

Akaanza. "Sefu, mutoto yangu. Jambo. Umelala muzuri? Umekula? Mugongo haikuumi?" Akaenda kwa mkewe, amejifungua salama, amekunywa uji wote. Akaenda kwa mtoto, nywele nyingi, macho ya marehemu baba yenu. Akaenda kwa wakwe. Akaenda kwa yule jirani wa mguu. Na tairi la nyuma la kushoto, wakuu, na lenyewe likasalimiwa. Hakuna aliyemkatisha. Hata mimi niliyemnunia miaka yote nilikuwa nimesimama pale naomba asimalize.

Mwisho akasema, "Jina ni Fatuma. Ya mama yangu, bibi yenu."

Upande wa pili tukasikia mlango wa lori, na mashine ikawashwa.

Mzee ndipo akakumbuka. "Eh, Sefu! Kasaji usisimame!"

Ndugu yetu wa Kasaji alikwenda na polisi wa pale, lile lori tupu likawa limeshaondoka na wanaume wake. Hawakupatikana. Pampu zilifika Mashamba.

Akaunti tuliirudisha kupitia namba ya simu ya mzee. Ile browser niliifuta, ikarudi yenyewe. Ilikuja na programu nyingine ya kuilinda, kama mgeni anayekuja na mlinzi wake. Mwishowe computer yote ilifutwa ikawekwa upya, kwa fundi mwingine, wa kulipwa. Kila aliyepanga foleni nilimkalisha kwenye simu safi abadilishe password. Fundi wa tairi alitaka kuweka ile ile ya zamani kwa sababu "ilikuwa na bahati". Nilimtazama tu.

Tumeweka pia code ya kuja kwenye simu ukitaka kuingia. Code ikija, mzee anaisoma kwa sauti biro nzima isikie. Naendelea kupambana.

Na Anjenyeri? Alikuja siku chache baadaye, mnyonge, flash shingoni. Akaunti yake imeibiwa, inawatumia shemeji zake matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Akaniomba nimsaidie. Nilimsaidia. Soda hakupata.

Funzo, kwa wale wanaoruka moja kwa moja mpaka chini: ukiona login imekataa password unayoijua, usiweke ya pili, wala usimwite mke, wala jirani. Tazama anwani. Andika uongo uone kama inapokea. Jaribu kwa kifaa kingine. Na browser ya bure kutoka kwenye flash ya mtu ni mlango uliomfungulia mtu usiyemjua jina. Mikono haihusiki. Yangu mizito ndiyo iliyoigundua ile takataka, na mpaka leo kufuli ya biro siruhusiwi kuigusa.

Na salamu za mzee bado nasema ni ndefu kupita kiasi. Lakini simkatishi tena.

Aliyewahi kugeuzwa njiani na browser yake aje aseme hapa, na wataalamu mnielimishe kama kuna nilichosahau kufuta. Ila ukija, salimia kwanza. Huku tumekuwa wakali.

Na wewe mwizi, kama umo humu unasoma kimya kimya: mtoto hajambo, anaitwa Fatuma, ameanza kucheka. Uliombwa jina wewe kwanza, ukajibu pampu.